Kamera, Kidonge na Mtoto Aliyetulia: Tunapima Kitu Gani Khasa?



Niwieni radhi, maana haya yangu ya leo ni marefu, na hayahusu lahaja wala tenzi wala zile siasa za nyumbani zinazotukesha. Yanahusu kompyuta kumtazama mtoto aliyepewa dawa. Nina sababu zangu za kuyaleta hapa, na mkifika katikati mtaziona.

Pana fikra inayozidi kupata wafuasi katika vyuo vikuu na makampuni ya dawa huku Ulaya na Marekani. Fikra yenyewe ni hii: mtoto mwenye usonji (jamaa zetu wa Maskati wengi wamezoea kusema tawahhud) anapopewa dawa, badala ya kutegemea neno la mama yake au mwalimu wake kujua kama dawa inamfaa, iwekwe kamera. Kamera imchukue video nyumbani au kliniki, na programu ya kompyuta ihesabu mara ngapi amerukaruka, mara ngapi amepepea mikono, amejipiga kichwa, ametazama uso wa mtu, ametabasamu. Kisha itoe tarakimu na kuchora mstari. Mstari ukishuka, dawa inafanya kazi. Ukipanda, dozi iongezwe au dawa ibadilishwe. Wanaoitetea wanasema hicho ndicho kipimo kisichompendelea mtu.

Mie udaktari wangu ni wa takwimu, si wa tiba, na kazi iliyonilisha kwa miaka ishirini na ushei ni kufundisha vijana wa Kiingereza namna ya kupima vitu bila ya kujidanganya. Kwa hiyo nasema mapema: fikra hii siipingi yote. Ninachokipinga ni kile inachodai kukipima.

Tuanze kwa insafu. Kipimo kilichopo sasa ni kibovu, na lazima tulikiri hilo. Majaribio mengi ya dawa za usonji yametegemea fomu iitwayo Aberrant Behavior Checklist, waliyoitoa Aman na Singh mwaka 1985. Ina vipengele 58, na mzazi au mlezi anaweka alama kutoka 0, yaani hakuna tatizo, hadi 3, yaani tatizo ni kubwa. Sasa fikiria mama ambaye hajalala wiki tatu, amepewa kidonge kipya na daktari mwenye sura ya matumaini, halafu anaulizwa: mtoto vipi? Atasema nafuu. Hasemi uwongo. Anaiona nafuu kweli, kwa kuwa anaitafuta.

Mfano mkubwa wa hili ni sekretini, homoni ya matumboni. Mwaka 1998 palitoka habari za watoto watatu waliochomwa sindano ya sekretini kwa ajili ya kuchunguzwa tumbo, na baadaye wakaonekana wanaanza kusema na kutazama watu. Marekani ikapata wazimu. Wazazi walihangaika kuitafuta. Mwaka 1999 Sandler na wenzake wakachapisha jaribio katika New England Journal of Medicine: watoto 60, wengine wakachomwa sekretini na wengine maji ya chumvi, na mzazi hajui yupi kapata nini. Makundi yote mawili yakapata nafuu, na hapakuwa na tofauti ya maana kati yao. Linalonitia simanzi kila nikilisoma ni hili: wazazi walipoambiwa matokeo hayo, asilimia 69 walisema bado wanaitaka sekretini kwa mtoto wao.

Hadithi hiyo ikajirudia. Sitalopramu mwaka 2009, watoto 149: waliopata dawa na waliopata kidonge kitupu walipata nafuu kwa kiasi kile kile, thuluthi moja hivi kila upande. Oksitosini ya kunusa mwaka 2021, watoto na vijana 290: hakuna tofauti. Basi mtu akisema "tuondoe macho ya mzazi, tuweke macho ya mashine", anajibu tatizo la kweli.

Lakini tatizo hilo lina sehemu mbili, na mashine inagusa moja tu. Sehemu ya kwanza ni tumaini la mzazi. Ya pili ni ile ambayo wazee wetu wa pwani waliijua bila ya kusoma takwimu: maji yakijaa hupwa. Mtoto hapelekwi hospitali katika wiki yake nzuri. Anapelekwa pale mambo yalipofika pabaya kabisa, amemng'ata mdogo wake au amevunja kioo. Wiki mbili baadaye, kwa dawa au bila ya dawa, kuna uwezekano mkubwa atakuwa afadhali, kwa kuwa alikuwa kileleni. Kamera itaiona nafuu hiyo kama mama anavyoiona, na itaiandika kwa desimali mbili. Dawa ya tatizo hili ni kuwa na kundi la kulinganisha, na kumchukua mtoto vipimo vya wiki nyingi kabla hajameza chochote. Katika maelezo mengi ya mifumo hii ninayoyasoma, picha za kabla ya dawa ni za siku moja au mbili, kliniki, chumba kigeni, mtoto ameshaogopa.

Halafu lipo jambo ambalo wenzangu wa takwimu wanalijua na wauza mifumo hawapendi liulizwe. Mashine imejifunza kwa nani? Kompyuta haizaliwi inajua kipi ni kitendo cha usonji na kipi ni mchezo. Inaoneshwa maelfu ya vipande vya video vilivyowekwa alama na watu: hiki ndiyo, hiki siyo. Mara nyingi walioweka alama ni wanafunzi waliofundishwa kwa siku chache, au hukumu imetoka kwenye fomu zile zile za wazazi. Ikiwa umeifunza mashine ikisie alama atakayoitoa mama, umeunda mama wa bandia asiyechoka, mwenye makosa yale yale ya mama wa kweli, ila sasa hawezi kuulizwa "kwa nini umesema hivyo?" Kisha tunaambiwa haina upendeleo. Upendeleo upo, umehamishwa chumba tu.

Nisije nikaonekana namsema kila mtu. Zipo kazi za watu makini. Chuo kikuu cha Duke kule Marekani kilitengeneza programu inayoitwa SenseToKnow: mtoto mdogo anaoneshwa filamu fupi kwenye tableti (tableti ya kutazama, si ya kumeza, Kiswahili chetu kimetuchezea hapa), na kamera inafuata macho yake, kichwa chake, kupepesa kwake, na kama anageuka akiitwa jina. Matokeo yalitoka katika Nature Medicine mwaka 2023: watoto 475 wa miezi 17 hadi 36, na 49 kati yao wakaja kuthibitishwa kuwa na usonji. Programu iliwatambua asilimia 87.8 ya hao, na ikawaachia kwa haki asilimia 80.8 ya wasio na tatizo lolote la makuzi. Ni tarakimu nzuri. Na bado, katika kila watoto kumi iliowanyooshea kidole, wanne tu hivi ndio waliokuwa nao kweli. Waandishi wenyewe walilieleza hilo, na walieleza pia kama ilifanya kazi sawasawa kwa watoto wa rangi mbalimbali. Hiyo ndiyo adabu ya kisayansi.

Lakini tazama: kazi ya Duke inauliza, mtoto huyu anafanana na kundi gani? Kufuatilia dawa ni kuuliza, mtoto huyu leo ana hali gani kuliko mwezi uliopita, na je, ni kwa sababu ya kidonge? Ni maswali mawili mbali mbali. Chombo kilichopimwa kwa swali la kwanza hakijathibitishwa kwa la pili, kama vile mizani ya sokoni, hata ikiwa sahihi namna gani, haikuambii samaki ameoza. Kampuni ya Janssen, ambayo ndiyo iliyoleta risperidoni duniani, ilibuni mfumo uitwao JAKE kwa ajili hiyo khasa ya majaribio ya dawa za usonji: simu ya mzazi, vifaa vya kuvaa, vipimo vya macho, na kamera ya kusoma uso. Sioni ubaya kwa kampuni kutafuta kipimo bora. Ila muuza samaki akiniletea na mizani yake mwenyewe, nami huomba kuitazama. Na tusisahau kuwa Novemba 2013 Johnson & Johnson, wenye Janssen, walikubali kulipa zaidi ya dola bilioni 2.2 kumaliza mashitaka na madai ya serikali ya Marekani, Risperdal ikiwamo, kwa jinsi ilivyotangazwa kwa matumizi ambayo haikuidhinishiwa.

Sasa nifike penyewe.

Dada yangu anaishi mji huu huu ninaoishi, mwendo wa dakika kumi kwa basi. Mwanawe wa pili ana usonji. Hasemi ila maneno machache, mengine ya Kiswahili, mengine ya Kiingereza, na moja la Kiarabu ambalo ni "khalas". Mwaka 2021 alikuwa na miaka minane, na mambo yalikuwa mazito. Alikuwa anagonga kichwa ukutani na kujing'ata mkono mpaka ngozi ikawa ngumu kama kisigino. Shemeji anaendesha teksi usiku. Dada yangu peke yake, na mtoto mwenye nguvu. Daktari akamwandikia risperidoni.

Nisieleweke vibaya: dawa hiyo inafanya kazi. Jaribio la mwaka 2002 lilikuwa na watoto 101 wenye usonji na ukali mkubwa. Baada ya wiki 8, asilimia 69 ya waliopata risperidoni walipata nafuu, na kwa kidonge kitupu asilimia 12 tu. Marekani iliiidhinisha Oktoba 2006 kwa watoto wa miaka 5 hadi 16, na mwaka 2009 ikaidhinisha aripiprazoli. Ila zote mbili ziliidhinishwa kwa ule ukali na kujidhuru. Hapana hata moja iliyoidhinishwa kuondoa usonji wenyewe. Na katika jaribio lile lile, waliomeza risperidoni waliongezeka wastani wa kilo 2.7 kwa wiki 8, wenzao kilo 0.8. Huku Uingereza mwongozo wa NICE wa mwaka 2013 unasema wazi kuwa dawa za namna hii zisitolewe kwa ajili ya sifa zenyewe za usonji, na zikitolewa kwa ukali, zitazamwe baada ya wiki tatu au nne, na zisimamishwe zikipita wiki sita bila ya faida.

Hospitali (siitaji) ilikuwa na mradi wa kamera. Dada yangu aliombwa akubali tableti iwekwe sebuleni kwenye kigari cha televisheni, ichukue saa mbili kila jioni. Akatia sahihi. Mtu aliyechoka hutia sahihi.

Wiki ya tatu ikaja ripoti, karatasi moja yenye mstari wa buluu unaoteremka. Kujipiga kumepungua sana. Alhamdulillah, hilo lilikuwa kweli na tulimshukuru Mungu. Chini yake: vitendo vya kujirudia vimepungua zaidi ya nusu, mizunguko ya mwili imepungua, muda wa kukaa umeongezeka. Jumla: ameboreka. Dada yangu akanionesha karatasi, akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kaka, nyumba imetulia, lakini mie mwanangu simuoni."

Huyu mtoto alikuwa na mchezo wake. Kila ikikaribia magharibi anakwenda jikoni, anakusanya vifuniko vya sufuria, anavizungusha sakafuni kimoja kimoja na kuvisikiliza vinavyolia, na huku anavumisha kasida moja aliyoisikia kwenye maulidi kwa bibi yake. Hakosei sauti hata kidogo. Mchezo ule ulikwisha. Alikuwa anakaa kwenye kochi, mdomo wazi kidogo, mate yanamtoka, anaomba chakula. Kwa mashine, vifuniko vilikuwa "vitendo vya kujirudia" na kukoma kwake ni alama njema. Watu wazima wenye usonji wamekuwa wakiandika juu ya hili kwa miaka mingi sasa, kwamba kupepea mikono na kuzungusha vitu ni namna yao ya kujituliza na kufurahi, na wengine ndiyo lugha yao; mkusanyiko wa maandishi yao wenyewe, Loud Hands, ulitoka mwaka 2012. Waliochagua cha kuhesabiwa katika mradi ule hawakuwauliza.

Kwa hivyo kosa la kwanza: kamera hupima mwendo, na dawa hizi huleta usingizi na uzito. Usingizi ukiingia, mstari unashuka. Mstari haujui kama mtoto ametulia au amezimwa.

Kosa la pili ndilo lililonifanya niandike. Mwezi wa tano shule ililalamika, dozi ikapandishwa. Siku chache baadaye mtoto akaanza kutokukalika. Anakaa, anainuka, anakaa, anainuka. Akisimama anapiga hatua papo hapo kama askari wa gwaride. Usiku anatembea ukumbini mpaka alfajiri, analia bila ya sauti. Mstari wa buluu ukapanda ghafla. Tukapigiwa simu na muuguzi, mtu mwema kabisa, akasema ripoti inaonesha hali imerudi na mapendekezo ni kuongeza dozi tena.

Madaktari waliomo humu wameshaelewa. Hali ile ina jina, akathisia: mtu anahisi ndani ya miguu na mwili mwake kitu kisichomwachia kukaa, na inaletwa na dawa zenyewe za kundi hili. Kuongeza dozi ni kumwaga mafuta ya taa juu ya moto. Ni mtego unaojulikana, kwamba akathisia hufananishwa na ghasia za mgonjwa na hutibiwa kwa kilekile kilichoileta, na mtoto asiyesema ndiye anayenaswa kwa urahisi kuliko wote, maana hawezi kukwambia "si hasira hii, ni miguu yangu."

Dada yangu alikataa. Alisema kwa Kiingereza chake cha kuungaunga kwamba hatampa hata tone zaidi mpaka mtu amwangalie mtoto. Mungu si Athumani, siku ile zamu ilikuwa ya daktari mmoja mzee, Mhindi aliyekulia Afrika Mashariki, anayejua kusema "pole mama". Akaisukuma kando ile karatasi. Akamkalisha mtoto kwenye kiti, akamtazama miguu dakika kama tatu hivi, akamsimamisha, akamtazama tena. Mtoto akaushika mkono wa mama yake, akauweka juu ya paja lake na kuubana. Daktari akapunguza dozi. Baada ya siku kadhaa kutembea kukapungua, na wiki ya tatu nilikuwapo pale jioni, nikasikia kifuniko kinazunguka jikoni.

Basi kamera ile ile, sebule ile ile, mwaka mmoja, ilikosea pande mbili: madhara ya kwanza ya dawa ikayaita uponyaji, na ya pili ikayaita ugonjwa. Na haikuharibika. Ilifanya kazi yake barabara. Ilihesabu sawasawa.

Mtu ataniambia huo ni mfano mmoja, na wewe bwana takwimu unajua mfano mmoja si hoja. Kweli. Lakini kosa hili halitokani na bahati mbaya ya familia moja. Limo katika kipimo chenyewe. Popote utakapotumia wingi wa mwendo kuwa alama ya ugonjwa, na ukatoa dawa ambayo mara inapunguza mwendo kwa usingizi na mara inauzidisha kwa akathisia, utakosea hivyo hivyo, na ukiongeza watoto elfu kumi utakosea kwa uhakika zaidi.

Yapo mengine, nitayapitia mbio. Uso: mifumo inayodai kusoma furaha na hasira imejengwa juu ya dhana kwamba hisia fulani ina sura fulani. Mwaka 2019 Lisa Feldman Barrett na wenzake walipitia tafiti zaidi ya 1,000, wakaona kuwa huwezi kuitegemea sura peke yake kujua mtu anahisi nini. Hiyo ni kwa watu wa kawaida. Mtoto mwenye usonji ambaye hucheka akiumia utamsomaje? Umoja wa Ulaya katika sheria yake ya mwaka 2024 umekataza mifumo ya kutambua hisia shuleni na kazini, na katazo limeanza Februari 2025, lakini matumizi ya kitabibu yameachwa nje ya katazo. Rangi: mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walionesha kuwa programu za kibiashara za kutambua jinsia kwa uso zilikosea kwa wanawake weusi hadi asilimia 34.7, na kwa wanaume weupe asilimia 0.8 tu. Tangu wakati ule zimerekebishwa kiasi, sikatai, lakini mzazi mwenye ngozi kama yetu ana haki ya kuuliza chombo hiki kimejaribiwa kwa watoto wa nani.

Na macho. Kumtazama mtu machoni kunahesabiwa kuwa dalili njema, na kutokumtazama ni dalili mbaya. Sisi tulilelewa vipi? Mkubwa akisema nawe, unainamisha macho. Mtoto anayemkodolea bibi yake ataambiwa hana adabu. Dada yangu aliwaeleza hilo, wakaliandika chini ya "mengineyo".

Siku ya Idi walikuja binamu zake saba, sebule nzima kanzu na mabaibui na watoto wanaruka. Ripoti ya wiki ile ilionesha mtoto alikuwa na jioni mbaya kuliko zote tangu mradi uanze. Alikuwa chumbani kwake amelala. Tulicheka mpaka machozi, lakini jioni ile iliingizwa kwenye wastani na haikutolewa.

Sasa, ningetaka nini? Ningetaka kamera igeuzwe itazame madhara. Hapo ina kazi ya heshima. Tangu mwaka 1976 pana kipimo kiitwacho AIMS cha kutafuta mienendo isiyo ya hiari inayoletwa na dawa hizi: mtu anakaa mikono juu ya magoti, anafungua mdomo, anatoa ulimi, anagonganisha kidole gumba na vidole vingine, anasimama, ananyoosha mikono, anatembea. Ni dakika chache tu, na bado kliniki zenye msongamano huliruka. Ulimi unaotetemeka, taya linalosogea polepole, hatua zilizopungua urefu: haya ni mambo ya umbo na mwendo, yana jibu la ndiyo au siyo, na macho ya kompyuta yanaweza kuyaona mapema kuliko daktari anayemwona mtoto kila baada ya miezi sita. Hapo mstari ukipanda, maana yake ni moja: daktari njoo utazame, kabla ya kugusa dozi. Vivyo hivyo usingizi wa usiku, na ile nenda rudi ya ukumbini, ikiwa itaandikwa "huenda ni dawa" badala ya "mtoto amerudi nyuma".

Ama faida ya dawa, kama mtoto anaishi vizuri zaidi, hilo liulizwe watu, kwa maswali bora kuliko ya 1985, na kila familia iruhusiwe kusema mwanzoni ni vitu gani vya mtoto wao visiguswe. Dada yangu angeandika: vifuniko. Na vipande vya video vitazamwe na mtu asiyejua kama ni vya kabla au vya baada ya dozi kubadilika. Ni kazi rahisi, haihitaji mashine ya mamilioni, na nimeshangaa kwa nini haikufanywa.

Najua pia hoja itakayofuata, kwa kuwa nimeshaisikia kwenye mkutano mmoja: kwamba mifumo hii ndiyo itakayozisaidia nchi kama zetu, ambako madaktari wa akili wa watoto ni wachache mno. Mie hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Huku tulikuwa na mzee wa kuisukuma karatasi kando. Mama wa Pemba au wa Lamu, mwenye simu iliyowekewa programu na kidonge kutoka duka la dawa, na mstari unamwambia aongeze, nani atamtazama mtoto miguu?

Dada yangu ameomba video zote za mwanawe, kwa haki aliyonayo kisheria. Alijibiwa kuwa picha zilifutwa baada ya kuhesabiwa, zimebaki tarakimu tu. Kwa siri ya familia ni jambo zuri. Lakini ina maana hapana mtu tena anayeweza kurudi kutazama zile jioni za mwezi wa tano na kusema mashine ilikosea wapi, na tarakimu zile zimo katika hesabu za mradi hadi leo, mtoto akihesabiwa kuwa "alirudi nyuma, familia ikakataa tiba". Nimewaandikia barua mbili kuomba lirekebishwe. Ya tatu naiandaa, na kama yupo humu aliyewahi kupambana na jambo la namna hii, khasa wenzetu wa Muscat na Toronto, naomba aniambie alianzia mlango gani.

Wassalaam.